Yah: Mota ya HP 15 mliyoniuzia kwa kinu kinachohitaji kilowati 15

Kwa Meneja wa Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina mashine ya kusaga mahindi hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu mota ya fezi tatu, na fundi wenu akaja kuifunga. Mota hiyo imeungua, nanyi mmekataa kuibadilisha mkidai nimeizidishia mzigo. Jibu hilo silikubali.

Muuzaji wenu nilimwonyesha kitabu cha kinu, penye maelezo ya mota inayotakiwa: kilowati 15. Risiti yenu imeandikwa HP 15, yaani nguvu za farasi. Tofauti hapo ni kubwa. HP moja ni wati 746, hivyo mlinipa mota ya kilowati 11, wakati kinu kilihitaji HP 20. Namba 15 ilisomwa, kipimo kilichoandikwa mbele yake kikaachwa. Kwa duka linalouza mota kila siku, hilo ni kosa zito.

Kilichoniuma zaidi kilifuata. Kila kinu kilipojaa mahindi, ovalodi, kifaa cha kuilinda mota isizidiwe, ilikata umeme, kama inavyopaswa. Niliwapigia simu. Fundi wenu hakupima chochote. Aliipandisha ovalodi hadi ampea 30 akaondoka, na kibati cha maelezo kwenye mota kinasema 22! Fundi wa hapa alipobana mita kwenye nyaya wakati wa kusaga, alipata ampea 29 kwenye fezi zote tatu, na volti zilikuwa sawa. Msisingizie umeme mdogo wala fezi iliyopotea. Koili ikibebeshwa karibu theluthi zaidi ya uwezo wake kutwa nzima, vanishi inayotenganisha nyaya zake itaungua tu na nyaya zitagusana.

Sasa mnaniambia nisuke koili kwa gharama yangu na nipunguze mahindi ninayomwaga. Kusuka koili kutanirudishia kilowati zile zile 11. Na wateja wenye ndoo zao wanaosubiri unga wa jioni hawawezi kucheleweshwa kwa sababu duka lilichanganya vipimo.

Naomba mnipe mota ya kilowati 15 yenye mizunguko ile ile, ili puli zisibadilike. Tofauti ya bei nitalipa, ila gharama za kuifunga ni zenu. Fundi akague pia kama staata (swichi ya kuwashia mota) na waya vinabeba ampea za mota hiyo, kisha aseti ovalodi kwa kufuata kibati, nami nikiwepo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea utaalamu wake. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka shauri hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, ukurasa wa kitabu cha kinu, na picha za kibati na za ovalodi ilivyoachwa na fundi wenu.

Wako katika biashara,
Mmiliki wa mashine ya kusaga,
Kibaigwa