Mgongo unaouma baada ya upasuaji

Mhariri,

Hapa Tabora, mgonjwa aliyepasuliwa mgongo Dar es Salaam au Mwanza maumivu yakimrudia hukimbilia duka la dawa kuchomwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, wiki nenda wiki rudi. Sindano hizo zikizoeleka huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo. Tena maumivu ya mshipa wa fahamu, yale yanayochoma kama moto hadi unyayoni, hayatulizwi nazo ipasavyo.

Tunaanza kwa kuuliza maumivu yalianza lini. Kama hayakupungua kabisa tangu upasuaji, huenda chanzo kilikuwa kwingine, mfano nyonga, au mshipa ulikwisha kuumia. Yakitulia kisha yakashuka mguuni ghafla, pengine diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, imechomoza tena. Yakirejea polepole baada ya miezi, tunafikiria kovu la ndani au pingili iliyo jirani na ile iliyopasuliwa. Picha ya MRI inayopigwa baada ya kuchomwa dawa maalumu kwenye mshipa wa damu husaidia kutofautisha: kovu hung'aa, diski iliyochomoza haing'ai.

Kwa maumivu ya mshipa wa fahamu, daktari anaweza kuanza na amitriptilini miligramu 10 usiku, au gabapentini, akipandisha taratibu. Wengi huziacha mapema kwa sababu ya usingizi na kizunguzungu, ilhali nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa. Gabapentini isikatishwe ghafla. Wa bodaboda asiendeshe akiwa bado anasinzia.

Dawa bila mazoezi hazifiki mbali. Tembea dakika 10 asubuhi na jioni, ukiongeza kidogo kila wiki. Lala chali, kunja magoti, kaza tumbo, inua makalio, hesabu hadi 5, shusha, mara 10. Kinachowarudisha wengi nyuma ni kupata nafuu leo, kesho wakainama kwenye tumbaku kutwa nzima. Na ndoo ya lita 20 ni kilo 20: gawanya maji kwenye madumu mawili madogo, moja kila mkono.

Kupasuliwa tena kunafaa pale picha inapoonyesha kitu kinachobana mshipa uleule unaouma, au skrubu iliyolegea. Kwa kovu pekee, mara nyingi hakusaidii.

Lakini mkojo ukigoma, sehemu za siri zikifa ganzi, mguu ukilegea, au homa ikiambatana na kidonda kutoa usaha, nenda hospitali ya Kitete siku hiyohiyo.

Tunaziomba hospitali zinazopasua zimpe mgonjwa, siku anaporuhusiwa, nakala ya picha zake na barua inayotaja pingili, upande, na vyuma vilivyowekwa.

Wataalamu wa mazoezi tiba,
Tabora