Halafu Ikawaje? Barua kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi ulipokuwa ukinisimulia habari za kazi uliyoiacha, ulinyamaza katikati ya sentensi, ukakizungusha kikombe chako polepole mpaka mkono wake ukaelekea kwako, kisha ukasema, "Basi dada, tutazungumza siku nyingine." Simu yangu ilikuwa mkobani na macho yangu yalikuwa usoni pako, kwa hiyo nilijiona sina kosa. Kumbe tangu sentensi yako ya pili nilikuwa nimeshaanza kutunga ushauri.

Mwaka 1999, wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio ambalo watazamaji waliambiwa wahesabu pasi za mpira katika video. Mtu aliyevaa vazi la gorila akapita katikati ya wachezaji, na takriban nusu ya watazamaji hao hawakumwona. Mimi nilikuwa nikihesabu hoja zangu, na wewe ukapita mbele yangu vivyo hivyo.

Sidhani dawa yake ni kuifunga akili isitangetange, maana haifungiki. Mwaka 2010, watafiti Killingsworth na Gilbert waliripoti walichopata kwa kuwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao (naam, simu hizihizi tunazozisingizia kila jambo) wanafanya nini na wanawaza nini: katika karibu asilimia 47 ya majibu, mawazo yalikuwa mbali na kazi iliyokuwa mkononi. Kuondoka basi ni kawaida yetu sote. Ninachojifunza ni kujigundua mapema kwamba nimeondoka, nikarudi bila kujilaumu. Ninaanza na vitu vidogo. Nikifunga mlango asubuhi, ninangoja mpaka nisikie kitasa kikilia, kwa sababu nimechoka kurudi kutoka njiani kuhakikisha kama niliufunga.

Kwa watu ni vigumu zaidi. Kunyamaza wakati mwenzako anaongea ni adabu ambayo sote tulifundishwa utotoni, lakini kuyaruhusu maneno yake yavuruge jibu ulilokwisha kuliandaa kunauma kidogo, hasa kwa dada mkubwa aliyezoea kuombwa shauri. Siku hizi nikijikuta nina jibu kabla mtu hajamaliza, ninaliweka kando na kuuliza swali ambalo jibu lake silijui.

Ulikuwa umefika pale meneja alipokuita ofisini, ukasema "halafu," ukanyamaza. Ukiwa bado una moyo wa kuniambia, nitakuja Jumamosi, uanzie hapo.

Dada yako