Barua ya malalamiko: kontrola na taa za nje tulizoletewa sizo tulizolipia

Shangani, Mtwara.
13 Januari 2025

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KONTROLA YA TAA NA TAA ZA NJE ZISIZOLINGANA NA PROFOMA YENU

Rejea profoma yenu (orodha ya vifaa na bei) ya Oktoba 2024 na malipo niliyofanya tarehe 24 ya mwezi huo, shilingi 21,600,000, ambayo risiti yake ya EFD ninayo. Nimepiga simu, nimeandika WhatsApp, nimetuma picha na video. Majibu ni "tunalifanyia kazi". Ndiyo maana leo nimekaa kuandika barua.

Kwenye profoma mliandika taa kubwa za vichwa vinavyozunguka 12, nne kati yake za kukaa nje, za IP65, yaani zenye kinga ya vumbi na maji. Taa ndogo za rangi za LED 16. Kontrola moja, yaani kifaa cha kuziongoza taa zote, "ya chaneli 512"; kila chaneli huamrisha jambo moja la taa, kama rangi au mwendo. Mashine ya moshi. Na nyaya zake zote. Mzigo ungefika Jumatano tarehe 6 Novemba, na fundi wenu angekuja nao kufunga. Ulifika Jumamosi tarehe 9 asubuhi, umechanganywa na magunia ya watu kwenye lori, na fundi hakuwemo. Usiku huohuo ukumbi wangu ulikuwa na harusi.

Mashine ya moshi haina shida, inafanya kazi vizuri mpaka leo. Nalisema hilo kwa sababu sikuja kutafuta kila kosa. Nina mambo mawili makubwa.

La kwanza ni kontrola. Boksi lake limeandikwa DMX512 kwa herufi kubwa, na kijana wenu wa mauzo aliniambia kwa simu kwamba hiyo 512 ndiyo idadi ya chaneli zake. Siyo. DMX512 ni jina la utaratibu ambao kontrola na taa hutumia kuongea, uliotungwa Marekani mwaka 1986, na 512 ni ukomo wa chaneli zinazoweza kupita kwenye laini moja. Kontrola ya bei ndogo inaweza kufuata utaratibu huohuo ikatoa chaneli chache tu. Hii yenu ina vitufe 12 vya kuchagua taa, na kila kitufe kina chaneli 16. Zidisha mwenyewe: 192. Taa zangu kubwa ni 12 na kila moja inakula chaneli 16, kwa hiyo zinaimaliza kontrola nzima. Taa ndogo ya kwanza ilitakiwa ianzie chaneli ya 193, mahali ambapo kontrola hiyo haifiki. Nilihitaji chaneli 304, yaani 192 za taa kubwa na 112 za zile ndogo 16, na niliwatumia hesabu hiyo kabla ya kulipa, pamoja na mchoro wa jukwaa. Mkajibu "inatosha kabisa".

Mdogo wangu ndiye anayeendesha mitambo yetu. Jumamosi ile alipanga anwani za taa zote, yaani namba ya chaneli ambayo kila taa inaanzia, moja baada ya nyingine, akafunga nyaya, akawasha. Taa kubwa zikaitika. Zile 16 zikabaki giza. Akadhani waya umekatika, akabadili waya. Akadhani ni soketi, akafungua soketi. Alikuwa juu ya ngazi tangu saa saba mchana, hajala, na saa kumi na mbili jioni wageni walianza kuingia. Ilibidi aziweke kwenye ile hali ya kucheza zenyewe kwa kufuata sauti, ili angalau jukwaa lisiwe giza.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ukafika wakati wa mama mzazi wa bibi harusi kumuusia binti yake. Muziki umezimwa, watu wametulia. Mama akashika maikrofoni na kusema, "Mwanangu," na uso wake ukawa mwekundu. Akasema "leo", ukawa kijani. Kila neno lililotoka kwenye spika, taa zinadaka, zinabadilika: nyekundu, kijani, buluu. Mama yule alianza kulia, na kilio chake nacho kikawa kinabadilisha rangi za taa. Watoto mbele wakacheka. Mdogo wangu akakimbia kung'oa plagi, jukwaa likaingia giza, na mama akamalizia maneno yake kwa tochi ya simu aliyoshikiwa na MC. Siku hiyo haitarudi. Video ya harusi ile ipo, na wazazi wale ni majirani zangu.

Siku hizi tunaviunga vichwa viwili viwili kwenye anwani moja ili kupata nafasi ya taa ndogo. Ni njia mafundi wanayoitumia, inasaidia, lakini taa 12 zinatembea kama sita, na mimi nililipia 12.

La pili ni zile taa nne za nje. Ukumbi wetu una bustani inayotazama bahari, na niliwaambia tangu mwanzo kwamba upepo wa hapa unakuja na chumvi na mvua zetu huanza kabla mwaka haujaisha. Ndiyo sababu niliomba IP65 na kukubali bei yake, ambayo kwa kila taa ilizidi karibu mara mbili ile ya taa za ndani. Anayeuza vifaa hivi anajua kwamba tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi na ya pili ni kinga ya maji. Sita na tano maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa kwa mpira hayaidhuru.

Taa mbili zilizima wiki ya pili ya Desemba baada ya mvua ya usiku mmoja. Tulipoifungua moja tulikuta feni imeota ukungu mweupe wa chumvi, skrubu zimeshika kutu, na hakuna mpira wowote wa kuzuia maji kwenye maungio ya kava. Nyuma yake kuna matundu wazi ya kupitishia hewa, kidole changu kidogo nusura kipite. Kisha nikaitazama stika ya IP65. Ilikuwa imepinda pembeni. Nikaiinua kwa ukucha, ikabanduka yote, na chini yake, kwenye maandishi ya kiwandani, pameandikwa IP20. Sifuri hiyo maana yake haina kinga ya maji hata kidogo. Zile tatu nyingine ni hivyohivyo, nimezikagua.

Mliponijibu kwamba ni "matumizi mabaya ya mteja", iliniuma kuliko hasara yenyewe. Nimeitumia taa mahali mlikoniandikia kwamba itakaa.

Nyaya nazigusa tu: mmeleta za maikrofoni badala ya za DMX. Tumeshanunua nyingine.

Ninachotaka ni hiki. Mniletee kontrola yenye chaneli 512 kamili, mzichukue taa nne za nje na kuniletea za IP65 za kweli, au mnirudishie fedha za vitu hivyo vitano. Gharama za usafiri ziwe zenu, na safari hii fundi aje. Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Siku hizo zikipita nitapeleka vielelezo vyote Tume ya Ushindani. Sipendi kufika huko. Harusi za watu waliouza korosho bado zinaendelea hapa kwetu, na nina nafasi tatu zilizolipiwa mwezi Februari ambazo wenyewe wameomba bustani.

Taa nne nimezirudisha kwenye maboksi yake. Stika niliyoibandua nimeihifadhi kwenye bahasha, pamoja na picha za maandishi yaliyokuwa chini yake. Gari lenu likija hata usiku, mlinzi ana maelekezo ya kufungua geti.

Wenu,
Mmiliki wa ukumbi,
Shangani, Mtwara.