Barua kwa Mwanaisha kuhusu lebo ya mtindi

Mwanza,
14 Juni

Mpendwa shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba masika yamepita bila kuwaezulia paa tena. Sisi huku hatujambo, isipokuwa umeme unaokatika kila jioni na mdogo wangu ambaye hadi leo hajaamua kama anaoa au haoi. Hayo tuyaweke kando, maana najua ukiiona bahasha hii utaanza kwa kusonya, kisha uulize nilikuwa wapi miezi mitatu.

Nilikuwapo. Barua yako niliipata, rasimu ya lebo niliipata, na chupa ya mtindi wako aliyoileta Kassimu kwa basi kutoka Tanga niliipata vilevile, ingawa kwa ushahidi wake mwenyewe barafu ya kwenye boksi ilikwisha kuyeyuka alipofika Singida. Uliniomba jambo moja tu, nalo ulilitaja kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: jina langu na kazi yangu ya maabara viandikwe chini ya lebo, pamoja na maneno “Umethibitishwa na mtaalamu wa vijidudu”. Jibu langu ni hapana, Mwanaisha. Nimeona heri nilitamke mapema kuliko kukuzungusha, halafu nijieleze kwa kirefu, kwa kuwa hapana kavu kutoka kwangu kwenda kwako ingekuwa utovu wa adabu.

Kwenye lebo umeorodhesha maradhi kumi na moja unayosema mtindi wako unayatibu. Nimeyahesabu mara mbili. Kuna vidonda vya tumbo, kisukari, shinikizo la damu, pumu, ugumba, na moja uliloliita “uchovu wa ndoa”, ambalo nilipomsomea mwenzangu wa maabara alilazimika kutafuta kiti. Usidhani nakucheka. Naelewa kwamba kila anayeuza mtindi siku hizi ana orodha yake, na kwamba wewe unaogopa kuweka dukani chupa isiyotibu kitu katikati ya chupa zinazotibu kila kitu.

Hata hivyo, hilo la vidonda vya tumbo limeninyima usingizi, kwa sababu katika barua yako umepitisha kwa mstari mmoja, kama habari njema, kwamba Bi Mkubwa ameacha vidonge alivyopewa hospitali na sasa anakunywa mtindi wako asubuhi na jioni, na anasema moto wa tumbo umepoa. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Zamani madaktari walilaumu mawazo mengi na pilipili, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipoonyesha kwamba kuna mkaaji anayeweza kuishi katika utando wa tumbo licha ya tindikali yote ile. Marshall alipoona hasadikiwi, mwaka 1984 alichukua bakteria aliowaotesha maabara akawanywa mwenyewe, akaugua tumbo, akapimwa, wakakutwa humo. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tiba yake ni antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, kwa siku zote alizoandika daktari, na anayezikatiza njiani huwaacha bakteria waliosalia wakiwa wagumu zaidi kuuawa. Kwamba mtindi unapoza, sikatai. Zipo pia tafiti zinazoonyesha kwamba baadhi ya probayotiki, zikinywewa sambamba na dawa hizo, hupunguza kuharisha kunakoletwa na antibayotiki zenyewe. Sambamba na dawa, shoga yangu. Nitalirudia hili kabla sijaweka kalamu chini.

Sasa neno lenyewe, probayotiki, ulilolipamba kwa herufi kubwa za kijani. Mwaka 2001 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, yaliwakutanisha wataalamu wakakubaliana maana yake: ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea manufaa ya kiafya anayevipokea. Lazima viwe hai, kiasi kijulikane, na manufaa yawe yamepimwa kwa watu. Tena hupimwa nasaba moja moja, yaani kila ukoo peke yake ndani ya aina ile ile ya bakteria. Ukiniambia Lactobacillus rhamnosus umeniambia kama vile “ni Mdigo wa Muheza”. Bado nitakuuliza mtoto wa nani na wa nyumba ipi, kwa sababu ndugu wawili wa jina moja huweza kufanya kazi tofauti kabisa tumboni. Hapa hapa Mwanza, mtaa wa Mabatini, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutengeneza mtindi wenye nasaba iitwayo GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha mjini London, ile London ya Kanada. Nasaba hiyo iligunduliwa na Gregor Reid na wenzake katika njia ya mkojo ya mwanamke mwenye afya njema, jambo ambalo ukiwahi kuipata nakusihi usiliandike kwenye lebo. Ninachotaka kusema ni kwamba wale kina mama walijua wamemweka nani ndani ya sufuria. Wewe huchukua vijiko vitatu vya mtindi wa wiki iliyopita ukavitia kwenye maziwa ya leo, na wa wiki iliyopita ulichachuliwa na wa wiki iliyotangulia, na kadhalika mpaka enzi za marehemu bibi yako. Ni mila nzuri na ladha yake naijua, ila nikiulizwa humo ndani yumo nani, sina la kujibu.

Umeandika pia kwamba mtindi “hurudisha bakteria wote wazuri baada ya antibayotiki”. Hapo hata mimi nilikuwa nikiamini hivyo, mpaka ulipotoka utafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli mwaka 2018. Watu walipewa antibayotiki, kisha baadhi yao wakapewa vidonge vya probayotiki vyenye bakteria wa namna nyingi, na wengine wakaachwa hivi hivi. Walioachwa, bakteria wao wa asili walirudi mapema zaidi. Waliopewa probayotiki walikaa miezi kadhaa kabla ya tumbo kurudia hali yake, kana kwamba wageni walikwisha kukalia viti na wenye nyumba wakakosa pa kuketi. Ulikuwa utafiti mdogo, wala haukuwa wa mtindi, kwa hiyo sikuleti kama hukumu. Nakuletea ili uone kwa nini neno “wote” linanitia kichefuchefu. Kwa upande mwingine, huko Odisha nchini India watoto wachanga zaidi ya 4,500 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliopewa Lactobacillus plantarum pamoja na sukari maalumu ya kumlisha kwa siku saba, walioambukizwa damu au kufariki walikuwa asilimia 5.4, na ambao hawakupewa walikuwa asilimia 9. Niliposoma takwimu hizo nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Kijidudu kimoja, kinachojulikana kwa nasaba, kwa watoto wa umri fulani, kwa siku zinazohesabika. Ndiyo maana nakasirika tukilitumia jina hilo hilo kuuzia dawa ya uchovu wa ndoa.

Kuna na ule mstari wa “kila mwenye afya ana Bifidobakteria tumboni”. Waulize Wahadzabe, wale wawindaji wa kule Ziwa Eyasi. Watafiti waliwachunguza 27 wakawalinganisha na Waitalia 16 wa Bologna, wakachapisha matokeo mwaka 2014: Wahadzabe hao walikuwa na bakteria wa aina nyingi kuliko Waitalia, wakala mizizi, ubuyu, asali na nyama ya porini, na Bifidobakteria hawakuonekana kwao. Wazo lako la mtindi wenye ladha ya ubuyu, kwa hiyo, nalipenda kuliko mstari huo, maana ubuyu una nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo chakula cha bakteria tulio nao tayari. “Huongeza umri” nayo uifute. Aliyelieneza wazo hilo alikuwa Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, mshindi wa Nobel wa mwaka 1908, ambaye alikunywa maziwa machachu kwa miaka na akafariki akiwa na umri wa miaka 71. Mama yako mdogo ana themanini na mbili na hapendi hata harufu yake.

Nimekuwa nikizunguka, na wewe unanijua nikizunguka. Jambo lililonifanya ninyamaze tangu Machi si lebo.

Ile chupa niliipima. Hukuniomba, lakini sikuweza kuiacha kwenye friji ikinitazama. Nilipofungua kifuniko ililia kama soda na povu likaruka mpaka kwenye koti langu jeupe, na hapo moyo ukashtuka, kwa kuwa mtindi uliochachuliwa na bakteria wa maziwa pekee kwa kawaida haujazi gesi namna ile. Niliuzimua, nikaupanda kwenye sahani mbili, nikaziweka kwenye kabati la kuoteshea. Sahani ya kwanza ilikuwa na chakula wanachokipenda bakteria wa maziwa, nao waliota kwa wingi, vidoa vyeupe vya rangi ya krimu vilivyobanana kama ukoko wa wali. Nilifurahi kwa niaba yako. Sahani ya pili ni ile ya zambarau yenye chumvi za nyongo, inayotumika kuwatafuta koliformi, yaani bakteria ambao wengi wao makazi yao ni utumbo wa watu na wanyama. Asubuhi ya pili nikakuta vidoa vyekundu vilivyoiva, kila kimoja kimezungukwa na duara la ukungu mwekundu. Nilihesabu mpaka 41 nikaacha.

Nilikaa na sahani ile mkononi muda mrefu. Unajua kwamba mkopo wa kikundi umechukuliwa kwa jina lako, na mimi najua kwamba umeuza bangili ili ununue friji. Nilianza barua mara nne.

Haki itendeke: ni chupa moja, na ilisafiri usiku na mchana kwenye joto, kwa hiyo haiwezi kuhukumu kazi yako yote. Wale waliokuwapo kidogo walipata safari ndefu ya kuongezeka. Lakini joto haliwaumbi. Walikuwamo tangu Tanga. Na ikiwa maziwa unayachemsha mpaka yanatokota, kama ulivyoniandikia na ninavyoamini, basi waliingia baada ya kuchemsha. Waliingia wakati yanapoa, au kwa kitambaa cha kuchujia, au kwa ule mtindi wa wiki iliyopita, au kwa zile chupa za maji ya dukani mnazoziokota harusini na kuzisuuza. Mimi nazishuku chupa, kwa sababu shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii, na plastiki ile haivumilii maji ya moto.

Kwa hiyo nakupa ninachoweza badala ya jina langu. Nitumie chupa tatu za siku tatu tofauti, zilizofungwa vizuri na barafu ya kutosha, kwa mtu anayekuja kwa ndege. Nitazipima kwa gharama yangu na matokeo nitakuandikia wewe peke yako. Achana na mtindi wa wiki iliyopita angalau kwa biashara, ununue mbegu ya pakiti yenye Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus. Nina sababu ya kuwataja hao wawili. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ambayo hukataa madai ya namna hii kwa mafungu, ilikubali dai moja lao: wakiwa hai na wakifikia milioni 100 katika kila gramu, humsaidia mtu ambaye tumbo lake halisagi vizuri sukari ya maziwa. Basi nimekuandikia sentensi ya kuanzia mazungumzo yako na Shirika la Viwango, TBS: “Una bakteria hai wanaosaidia kusaga sukari ya maziwa.” Fikiria ni watu wangapi pale sokoni kwako wanaokwambia maziwa huwaunguruma tumboni, nao hujawauzia chupa hata moja. Maafisa wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, pia watakusaidia kuhusu vifungashio, na usiende kwao na ile lebo ya maradhi kumi na moja.

Najua utakasirika kwa siku mbili. Chukua tatu.

Sasa nijibu haya, kwa barua au kwa simu, hata ukiwa bado umenuna. Kitambaa cha kuchujia ni kile kile cha kanga au ulikwisha kununua kingine, na hukianika wapi? Maji ya kusuuzia chupa ni ya bomba au ya kile kisima cha nyuma ya msikiti? Nani huchota mtindi kutoka ndooni, wewe au yule binti, na ana kijiko chake maalumu? Je, lebo zimekwisha kuchapishwa, au rasimu ndiyo hiyo tu? Shemeji anajua kwamba uliuza bangili? Na Bi Mkubwa, Mwanaisha: vidonge vyake vilibaki vingapi, bado viko kabatini, na utampeleka lini kwa daktari aliyemwandikia?

Wako wa siku zote,
Rehema