Barua ya wazi kwa Balozi wetu New Delhi: msafara ujao upelekwe karakana

Kwa Mheshimiwa Balozi wa Tanzania nchini India,
New Delhi.

YAH: RATIBA YA WATANZANIA WANAOKUJA KUJIFUNZA UJASIRIAMALI

Mheshimiwa Balozi,

Nakuandikia kutoka Singida. Mimi ni mkamuaji wa alizeti, nina mashine mbili na vijana saba. India nimefika mara nne: mara tatu kwa nauli yangu na mara moja kwa msafara wa kujifunza ujasiriamali. Barua hii inatokana na hiyo mara moja, kwa sababu ndiyo safari pekee niliyorudi nyumbani mikono mitupu. Msafara ule haukuandaliwa na ubalozi, na waliouandaa sitawataja.

Tulikaa siku sita Bengaluru, mji wa kampuni za kompyuta. Hoteli nzuri, basi lenye kiyoyozi, majengo ya vioo. Katika kila jengo alisimama kijana mtanashati akatuonyesha kwenye ukuta sifa za mjasiriamali aliyefanikiwa: kuthubutu, kuwa na maono, kujiamini, kutokata tamaa. Tukaandika zote. Siku ya tatu mwenzangu mmoja, mshona viatu wa Dodoma, akaninong'oneza: "Hivi hizi si ndizo tulizofundishwa kwenye ile semina ya pale nyumbani?" Ndizo hasa. Tumevuka bahari kwenda kunakili daftari tulilokuwa nalo. Tukapewa mifuko yenye nembo, tukapiga picha, tukarudi.

Sisemi Bengaluru haina la kujifunza. Infosys, kampuni ya programu za kompyuta, ilianza mwaka 1981 kwa rupia 10,000 ambazo mmoja wa waanzilishi, Narayana Murthy, alipewa na mkewe, Sudha Murty, kutoka kwenye akiba yake. Flipkart ilianza mwaka 2007 kwa vijana wawili waliouza vitabu mtandaoni kutoka nyumba ya kupanga. Hayo ni makubwa. Lakini mgeni wa siku sita anaona jengo tu, na jengo si ushahidi. Byju's, kampuni ya masomo ya mtandaoni ya mji huohuo, mwaka 2022 ilithaminiwa dola bilioni 22 na jina lake lilikuwa kifuani mwa timu ya taifa ya kriketi. Julai 2024 mahakama ya ufilisi ilipokea shauri dhidi yake, na aliyelifungua ni bodi ya kriketi ikidai fedha za udhamini wa jezi hizohizo.

Sasa nikueleze nilichokiona nilipokwenda mwenyewe.

Mwaka mmoja kabla ya msafara ule nilikwenda Rajkot, Gujarat, nikiwa na kipande cha chuma kwenye begi. Ilikuwa shafti ya mashine ya kukamulia, ile yenye meno ya mzunguko inayosukuma mbegu. Niliinunua mpya, na ndani ya msimu mmoja meno yakaisha kama ya mzee. Nilifika Rajkot saa saba mchana nikakuta maduka mengi yamefungwa, mitaa kimya. Nikadhani kuna msiba mkubwa. Kumbe mji ule hulala mchana. Watu wanakula, wanapumzika, na jioni mji unaamka upya. Huo ndio mji ambao injini zake za dizeli zimesaga unga kwenye vijiji vya Afrika kwa miaka mingi.

Jioni nikapelekwa Shapar, nje kidogo ya mji, kwenye viwanda vidogo vilivyobanana. Mwenye karakana alikuwa mzee wa kama miaka sabini, shati jeupe, dole gumba jeusi kwa grisi. Nilijiandaa kuulizwa risiti, au kuambiwa nimeitumia vibaya. Hakuuliza hayo. Aliletewa chai, akaimimina kwenye kisahani, akanisukumia kisahani kingine. Akaichukua shafti yangu mpaka mlangoni penye mwanga, akapitisha dole gumba jino kwa jino. Kisha akamwambia mwanawe anayejua Kiingereza aniulize swali moja: mbegu ziko wapi?

Sikuwa nazo. Nimesafiri maelfu ya kilomita na chuma kilicholiwa, sikubeba hata konzi moja ya kile kilichokila. Mzee akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyemleta mgonjwa hospitali akasahau kusema anaumwa nini. Akauliza tena: kwenu alizeti mnaipigia wapi? Nikamwambia chini, shambani. Akacheka. Akachukua chaki akachora sakafuni mikwaruzo aliyoiona kwenye chuma. Mbegu, alisema, husugua ikang'arisha. Mikwaruzo hii ni ya mchanga. Kabla ya kununua shafti nyingine nikanunue chekecheke. Yeye hatengenezi chekecheke, akampigia simu jirani wa mlango wa nne. Kama alipata chochote kwa jirani yake, sikuona.

Shafti mpya ilitengenezwa kwa chuma kingine, ikachomwa mpaka ikawaka nyekundu, ikachovywa kwenye mafuta. Kabla sijaondoka mzee akafungua daftari refu lenye jalada jekundu akaandika tarehe, jina langu, Singida, na unene wa meno kwa milimita. Baada ya miezi minane nikapata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwanawe: baba anaomba upime unene wa meno upige picha. Nikapima, nikatuma. Naamini na hiyo iliandikwa.

Mheshimiwa, katika zile sifa tulizonakili Bengaluru haikuwemo ya kudai mbegu. Wala haikuwemo ya kumwandikia mteja baada ya miezi minane wakati hela yake umeshaila. Mzee yule sidhani kama angejiita mjasiriamali. Neno alilolitumia kuhusu pale alipo ni karkhana, nikamwelewa bila mkalimani.

Hapo niruhusu nitoke nje ya mada kidogo. Tumekula chumvi na watu wale muda mrefu hata tumesahau nani alileta neno gani. Pesa, laki, bima, hundi: yote yamevuka bahari pamoja na marobota ya vitambaa. Na bepari pia. Kwa Kigujarati vepari ni mfanyabiashara, basi, hana kosa. Sisi tulilichukua neno hilo tukaliongezea pembe na mkia, mimi nikakua nikijua bepari ni kupe. Leo tunawaambia vijana wawe wajasiriamali, neno refu jipya lisilo na kesi, lakini akishafanikiwa tunamtazama kwa jicho lile la zamani.

Nikirudi. Kuna watu wataisoma barua hii waseme: Wahindi wana biashara kwenye damu, hatuwezi kuwaiga. Maneno hayo nayasikia kila wiki na yananichosha. Bajaji zinazotubeba hapa Singida zimepewa jina la kampuni ya Bajaj ya Pune. Zamani, serikali ya India ilipokuwa ikigawa vibali vya nani azalishe nini na kwa kiasi gani, mtu aliyetaka skuta ya Bajaj alijiandikisha akangoja hata miaka 10. Infosys, mwanzoni, walipanda na kushuka Delhi kufuatilia kibali cha kuingiza kompyuta. Tarehe 24 Julai 1991 waziri wa fedha Manmohan Singh akasoma bajeti, na siku hiyohiyo viwanda vingi vikaondolewa sharti la leseni. Damu haikubadilishwa siku ile.

Na Karsanbhai Patel, mwanzilishi wa kampuni ya sabuni ya Nirma, alikuwa nani? Mtoto wa wakulima, amesoma kemia, ameajiriwa serikalini Gujarat. Mwaka 1969 akaanza kuchanganya sabuni ya unga uani kwake Ahmedabad na kuiuza mlango kwa mlango kwa baiskeli. Bei yake ilikuwa rupia 3 kwa kilo wakati sabuni ya kampuni kubwa ya kigeni ilikuwa zaidi ya mara nne ya hapo. Watu husimulia zaidi habari ya bei. Mimi kinachonivutia ni baiskeli. Anayeuza mlangoni kesho yake anapita mlango uleule, na kama sabuni imemchubua mama mikono, atamsikia kabla hajashuka kwenye baiskeli.

Au wale wanawake saba wa Girgaum, Mumbai, walioanzisha ushirika wa Lijjat mwaka 1959 juu ya paa la nyumba yao kwa mkopo wa rupia 80, wakasukuma papadi, vile vichapati vyembamba vikavu, siku ya kwanza pakiti nne. Leo ni makumi ya maelfu ya wanawake. Asubuhi mama anachukua donge la unga wa choroko nyeusi, anakwenda kulisukuma nyumbani, kesho anarudisha papadi kavu zinapimwa na analipwa palepale. Misaada ya bure waliikataa tangu mwanzo. Hapo Mheshimiwa nafikiri kuhusu vikundi vyetu vya kina mama, ambavyo vingi huzaliwa siku mkopo unapotangazwa na kufa siku unapogawanywa. Lijjat walikopa ili wasukume papadi, hawakusukuma papadi ili wakope.

Sitaki kukupaka asali tupu. Mikopo ya kuaminiana kule, ile ya kuchukua mali leo ukalipa baada ya mavuno, inapita kwa ndugu, ukoo na tabaka. Ukiwa ndani ni neema, ukiwa nje unabisha hodi mpaka mkono unauma. Ndiyo maana mwaka 2005 Milind Kamble akaanzisha pale Pune chama cha wafanyabiashara wa Kidalit, watu ambao mfumo wa matabaka uliwaweka chini kabisa. Wasifu wa tajiri mara nyingi hausemi ni nani alimkopesha marobota ya kwanza bila riba. Kijana wetu akisomewa kwamba fulani alifaulu kwa kujiamini, na aulize pia: ni nani mwingine alimwamini?

Na serikali yao nayo ina sehemu. Kwenye hili nina kidonda. Taasisi moja ya huku, sitaitaja, ilichukua mafuta yangu mapipa kumi na mawili ikanilipa baada ya miezi kumi na minne. Katika muda huo niliuza ng'ombe wawili ili vijana wapate mshahara. India wana sheria ya mwaka 2006 ya biashara ndogo: mnunuzi akishapokea mali ya mdogo, mwisho wa kulipa ni siku 45, na akichelewa riba inamhesabia kwa mara tatu ya kiwango cha benki kuu. Sheria ya fedha ya mwaka 2023 ikawabana zaidi: deni la mzalishaji mdogo usipolilipa kwa wakati, huruhusiwi kulihesabu kama gharama kwenye kodi ya mwaka huo. Wadogo kule bado wanalalamika, maana kumshitaki mteja mkubwa ni kumfukuza. Lakini angalau tarehe ipo, na unaweza kumwonyesha mtu. Mzee wa Shapar usingemwambia awe mvumilivu tu, na hela zake ziko kwa watu.

Ombi langu, Mheshimiwa Balozi, halihitaji bajeti kubwa. Msafara ujao usiwe wa watu arobaini na basi. Uwe wa mafundi na wakamuaji kumi. Wakae Rajkot siku kumi na nne, kila mmoja kwenye karakana moja, avae ovaroli, asiitwe mgeni. Ofisi yako iwatafutie wakalimani wa Kigujarati, na barua ya utambulisho kwa chama cha wenye viwanda cha pale. Maofisa wawili wanatosha, na wao wavae ovaroli pia.

Sharti la kujiunga na msafara liwe moja tu: kila mtu aje na kitu kilichomharibikia. Mshona viatu alete kiatu kilichorudishwa na mteja. Mwoka mikate alete ule uliovunda kabla ya siku zake. Mwenye mashine alete jino lililoliwa. Asiye na kitu kilichoharibika hana swali la kuuliza kule, na huyo ndiye hupiga picha nyingi.

Mimi Januari nakwenda tena, kwa nauli yangu. Safari hii shafti haina tatizo, ni kwenye kichujio ninapopata mafuta yenye mashapo, na nimeshamtumia mzee picha. Jibu lake unaweza kulikisia. Kwa hiyo nina swali la kiofisi, na nitashukuru likijibiwa hata na msaidizi wako: kilo mbili za mbegu za alizeti kwenye begi, zimefungwa vizuri, uwanja wa ndege wa Mumbai watanipitisha nazo, au kuna karatasi ya afya ya mimea natakiwa niipate huku kwanza?

Wako mtiifu,

Mkamuaji wa alizeti,
Singida.