Nitafutie ile sauti ya Oktoba

Columbus, Ohio
9 Machi 2024

Shoga yangu Mwanaidi,

Shikamoo yangu umfikishie mama. Leo sikuletei umbea, nina shida na wewe. Fungua simu yako, rudi nyuma mpaka Oktoba 2022, unitafutie ile sauti niliyokutumia asubuhi baada ya kuchomwa chanjo ya mafua. Ile niliyokuwa nalia huku nacheka kwamba nimeshindwa kufunga sidiria, ukanijibu nimezeeka. Simu yangu ya zamani ilikufa na vyote vilivyokuwamo.

Bega bado. Nikinyoosha mkono kuchukua sufuria kabatini, unagoma njiani. Ubavu wa kushoto siulalii. Yule dada wa duka la dawa alinichoma kasimama, mimi nimekaa, tena nilivuta tu shingo ya fulana badala ya kupandisha mkono wake. Sindano ikaingia juu mno, hapa karibu na mfupa.

Sasa nina wakili. Wala sijamshitaki dada wa watu. Huku kuna mfuko wa fidia kwa wanaodhurika na chanjo, uliotokana na sheria ya 1986. Kila dozi hukatwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, na hela hizo ndizo zinazolipa. Anayeshitakiwa ni Waziri wa Afya, kwenye mahakama iliyoko Washington. Wakili naye analipwa na mfuko huohuo hata tukishindwa, mradi kesi iwe na msingi na nia njema. Nilimuuliza mara tatu kama nimesikia sawasawa. Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000, kwa hiyo usianze kunihesabia nyumba.

Majeraha ya bega waliyaingiza kwenye orodha yao ya madhara yanayofidiwa mwaka 2017. Maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48 tangu kuchomwa, yadumu zaidi ya miezi 6, na kesi ifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita tangu dalili ya kwanza. Miezi nimeipita zamani. Kinachonikwamisha ni hizo saa 48, maana kwa daktari nilikwenda Januari. Miezi yote ile najikanda maji moto nikidhani yatapita, na daktari akaandika "bega linauma, wiki kadhaa." Wiki kadhaa! Wakili anasema upande wa serikali utaling'ang'ania neno hilo.

Ndiyo maana nakuhitaji wewe. Atakupigia uandike ulichokisikia siku ile. Usitie chumvi, na ulichosahau sema umesahau.

Na kaka yako asije akatangaza mtaani kwamba nimeikana chanjo. Mwaka jana nimechoma tena, mkono wa kulia. Nilimwambia muuguzi avute kiti akae kwanza.

Ukiipata hiyo sauti usiifute, na tafadhali usiirushe kwenye grupu la harusi.

Wako,
Rehema