Barua kwa Mwanahawa kuhusu chuo cha Oberlin

Cleveland, Ohio
Jumapili usiku

Kwa rafiki yangu mpendwa Mwanahawa,

Salamu nyingi, pamoja na za shemeji yako na watoto. Ama baada ya salamu, naomba radhi kwa kukaa kimya wiki tatu tangu uliponituma nikakitazame hicho chuo alichopata nafasi mwanetu Rehema. Zamu za usiku zilifuatana, na gari letu lilikuwa kwa fundi. Jana ndipo nilipokwenda. Ni mwendo usiozidi saa moja kutoka hapa kuelekea kusini-magharibi, na njiani nilipita mashamba makubwa hadi nikaanza kujiuliza kama sikupotea.

Najua swali lenyewe si lako, ni la mkweo Mzee Kombo: Harvard ameisikia, Oberlin ndiyo nini? Nawe umeniomba majina ya watu wakubwa waliosoma hapo ili umnyamazishe kwenye kikao cha ukoo. Majina nimekuletea, na moja litamkalia vizuri sana, lakini nakuomba usiyasome kikaoni kama mtu anayehesabu mahari, kwa sababu nimerudi na mawazo tofauti kidogo na yale niliyokwenda nayo.

Nianzie jikoni kwako. Ile sufuria kubwa uliyoazima kwa Bi Tatu wakati wa arusi ya Salma, ambayo mpaka leo hujairudisha, ni ya alumini. Zamani alumini haikuwa kitu cha kupikia pilau. Mwaka 1884, Wamarekani walipoukamilisha mnara wa kumbukumbu ya Washington, walikivika kilele chake kipande cha alumini, maana ilikuwa metali adimu na ya gharama. Miaka hiyohiyo kijana mmoja, Charles Martin Hall, alikuwa akisoma Oberlin, na mwalimu wake wa kemia, Frank Jewett, aliyewahi kusoma Ujerumani, aliwaambia wanafunzi kwamba atakayegundua njia rahisi ya kuipata metali hiyo atatajirika. Hall alihitimu mwaka 1885, akaendelea na majaribio katika banda la kuni nyuma ya nyumba yao, akisaidiwa na dada yake Julia, ambaye naye alikuwa amesoma kemia chuoni hapo. Februari 1886 alipitisha umeme katika mchanganyiko ulioyeyushwa kwa moto mkali, akapata vidonge vidogo vya alumini. Mfaransa Paul Héroult aliifikia njia hiyohiyo mwaka huohuo, na ndiyo inayotumika viwandani hadi leo. Hall akatajirika kweli, na alipofariki mwaka 1914 alikiachia chuo sehemu kubwa ya mali yake.

Sanamu yake nimeiona ndani ya jengo la sayansi, nayo ni ya alumini. Kwa kuwa ni nyepesi, wanafunzi walizoea kuibeba na kuihamisha huku na huku kwa utani, mpaka ikabidi igandishwe kwenye bonge la jiwe. Ya Julia sikuiona, na niliitafuta. Niliposimama pale nilijiuliza ni nini hasa kilichomfaa yule kijana, nikaona si jina la chuo, maana wakati ule jina lenyewe halikuwa kubwa. Kilichomfaa ni mwalimu aliyemjua kwa sura na kwa jina, akampa nafasi katika maabara yake na kumwazima vifaa. Hilo ndilo ninalotaka uulize kwa ajili ya Rehema.

Sasa lile jina la Mzee Kombo. Kila mwaka hutusimulia alivyokuwa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, siku aliyouawa Eduardo Mondlane, mpigania uhuru wa Msumbiji, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Muulize kama anajua Mondlane alisoma wapi. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ilimfukuza Afrika Kusini alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Akaenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako polisi wa siri hawakumpa nafasi ya kupumua. Na mwaka 1951 akaingia Oberlin akiwa na miaka 31. Alipata shahada yake mwaka 1953, akaendelea hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, na mwaka 1962 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam yeye akiwa rais wake. Miaka 31, Mwanahawa! Na shangazi zake Rehema wanasema binti wa miaka 23 amechelewa kuanza chuo.

Wengine nitawapitia upesi. Robert Millikan, aliyehitimu mwaka 1891, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1923. Mary Jane Patterson, aliyehitimu mwaka 1862, ndiye anayetambuliwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada. Hutajwa pia John Dube, rais wa kwanza wa chama cha Afrika Kusini kilichokuja kuitwa ANC, ingawa aliondoka bila shahada. Vyuo navyo ni kama ukoo, hukukumbuka vizuri zaidi ukishapata ubunge.

Lakini yupo mmoja aliyenifanya nisilale. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1833, kikaamua mwaka 1835 kupokea wanafunzi Weusi, na mwaka 1841 kikawapa wanawake watatu shahada ileile waliyopewa wanaume, mambo ambayo karibu kila chuo kingine nchini humo hakikuthubutu. Ndipo akaja Lucy Stone, aliyekuwa akifanya kazi ili ajilipie masomo. Alipokaribia kuhitimu mwaka 1847, wenzake walimchagua aandike hotuba ya mahafali, lakini chuo kilisema ingesomwa na mwanamume, kwa kuwa haikufaa mwanamke asimame kuzungumza mbele ya mkusanyiko wa wanaume na wanawake. Alikataa kuiandika. Akatoka hapo, akatumia maisha yake yote kuhutubia halaiki juu ya utumwa na haki za wanawake. Leo yumo katika kila orodha ya fahari ya chuo hicho, na orodha haisemi kwamba yeye alijifunza sauti yake kwa kugombana nacho. Ndiyo maana nakwambia majina peke yake hayatoshi kumpelekea mtoto mahali.

Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki. Wanafunzi ni karibu 3,000, takriban wote wa shahada ya kwanza, kwa hiyo walimu hawana kundi jingine la kulishughulikia kwanza. Anayesoma kemia husoma pia historia, lugha na muziki. Nimetafuta jina la Kiswahili la elimu ya namna hii, nikafikiria "elimu huria", lakini Watanzania neno hilo tumeshakipa Chuo Kikuu Huria, na nikilitumia Mzee Kombo atadhani Rehema atasomea nyumbani kwa posta. Mji ni mdogo mno. Katikati kuna uwanja mkubwa wa nyasi na miti, na kando yake maduka machache. Nililitembea eneo lote kabla chai yangu haijapoa. Baridi sitaizungumza, nitamnunulia koti mwenyewe.

Linalonitia wasiwasi ni fedha. Karo ya hapa ni kubwa mno kwetu sote, hata tukichanga ukoo mzima, na barua ya chuo unasema imeandika "msaada" bila wewe kunieleza kiasi. Je, msaada huo ni wa miaka yote minne au wa mwaka wa kwanza tu? Ni ruzuku, au ndani yake kuna mkopo? Bima ya afya imo? Wakati wa likizo ndefu mabweni yakifungwa atalala wapi, ukiacha kwangu, ambako kitanda kipo? Pasipoti ameshaipata? Na mwenyewe Rehema anataka kusoma nini, maana katika ujumbe wako wote umeniandikia anachotaka Mzee Kombo, anachotaka baba yake na wanachotaka shangazi zake, lakini yeye hukumtaja? Salma amejifungua?

Nipigie picha ukurasa wa pili wa barua ya chuo, ule wenye jedwali la fedha, unitumie kabla ya Ijumaa. Siku hiyo siendi kazini, nami nitawapigia simu ofisi ya misaada niwaulize mstari kwa mstari.

Ni mimi rafiki yako,
Zuhura